Mtani wa Bwana Linfodi

Jumatatu, 6 Julai 1953

Leo nimefanya tena. Nilikwenda kuokota kuni kwenye mikorosho iliyo kati ya nyumba yetu na ya Mzungu anayepikiwa na baba, nikatazama huku na huku, hakuna mtu, nikawa yeye, Bwana Linfodi. Nikakohoa kama yeye. Nikapapasa mifuko kutafuta miwani iliyo kichwani. Nikamwita baba kwa sauti yake: "Salumu! Chai hii imechemshwa au imetishiwa moto tu?" Mbuzi wa jirani akaacha kula, akanitazama.

Sijamwambia mtu. Si baba, si Bibi. Kumwiga mtu aliye hai, kikohozi chake, mwendo wake, ni kumchuria, kumwitia kifo. Hiyo ni kazi ya mtani, na mtani huifanya msibani, mwenyewe akishakufa. Bibi akijua atanichapa, na miaka yangu kumi na sita hii.

Lakini sauti yangu mwenyewe haifiki mlangoni. Mwalimu alikuwa akiniuliza, "Sikudhani, unasoma au unapumua?" Darasa zima linacheka. Nikiwa Bwana Linfodi, sauti inafika barabarani.

Nimerudi na kuni chache. Bibi ameguna.

Jumanne, 7 Julai

Tangu nitoke shule baba ananichukua kazini kwake. Yeye ni mpishi wa Bwana Linfodi, mimi napiga pasi na kumsomea Bwana magazeti. Macho yake siku hizi yanaona vivuli tu. Nasoma Kiingereza polepole. Huwa hanikatizi. Leo nimeunguza kola. Baba aliona, akaikunja ndani, akarudi jikoni. Nampenda baba kwa mambo kama haya.

Bwana Linfodi alikuwa mwigizaji huko kwao Uingereza. Alianza akiwa na umri wangu. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya mfalme ameshika mkuki, hana la kusema. Baadaye wakampa neno moja. Baadaye wakampa kifo. Anasema alikufa vizuri mno, watu wakapiga makofi na mfalme bado anazungumza. Mfalme alinuna wiki nzima. Tangu hapo kazi yake ikawa kufa. Alikufa jukwaani miaka mingi. Sinema zilipokuja akafa kwenye sinema, kwanza zile za kimya, kisha zenye sauti. Hajawahi kufika mwisho wa hadithi hata moja.

"Mwisho nilikuwa nikiusikia tu," aliniambia, "nimelala chini, au nanawa uso."

Huku kwetu alikuja kabla ya vita pamoja na watu wa sinema. Walipiga kambi Kwala, baba akawapikia. Bwana Linfodi alikuwa ofisa anayeliwa na simba. Simba alifika kwa gari moshi, ndani ya kizimba. Baba anasema alikuwa mzee sana na anaogopa mbuzi. Wakapiga picha zao, wakaondoka. Bwana akabaki na homa, baba akabaki na Bwana. Homa ikaisha. Hakuna aliyemwita tena. Akapanga nyumba huku Kisarawe kwa sababu kuna upepo.

Baba alimuuliza siku moja kwa nini harudi kwao. Akasema, "Kule wamenisahau. Hapa hawajawahi kunijua. Hii ya hapa haiumi."

Alhamisi, 9 Julai

Msibani Vihingo. Mzee Kibwana, rafiki wa baba, amefariki. Bwana Linfodi aliomba kwenda, tukapanda lori la mkaa, yeye mbele na dereva, sisi nyuma na Bibi. Tulifika nguo zote nyeusi kwa mkaa.

Mjukuu wa Mzee Kibwana ndiye alikuwa mtani. Alivaa kanzu ya marehemu na makubazi yake. Akachechemea kama yeye. Akaomba ugoro kama yeye, akampigia chafya shemeji yake usoni kama yeye. Wajane walikuwa wanalia, wakacheka, wakalia tena. Wakati wa kutoa jeneza akalala mlangoni: babu haendi mpaka alipiwe. Wakamlipa kipande cha muwa.

Bwana Linfodi alisimama na pama lake, ile kofia pana, mkononi muda wote. Sijui aliona nini na macho yale. Masikio yake yalikuwa yanakula kila kitu.

Tukingoja lori la kurudi alimuuliza baba, "Yule kijana ni nani?"

"Mjukuu, Bwana. Babu na mjukuu ni watani."

"Na marehemu, hakasiriki?"

"Angekuwa mtu wa kukasirika, asingeigwa."

Tukafika nyumbani. Nilipomwekea maji ya kunawa akasema, "Na mimi, Salumu? Mtani wangu nani?"

Baba akacheka. "Wewe Mzungu, Bwana. Wazungu hawana watani. Wataimba, watakunywa chai, wataondoka."

Baba hakuwa na nia mbaya. Lakini mimi niliuona uso wa Bwana. Ni uso wa mtoto asiyeitwa kwenye mchezo. Naujua. Shuleni nilikuwa nao kila siku.

Jumatano, 15 Julai

Aibu. Aibu kubwa. Na chanzo ni mimi.

Nilimuuliza swali. Mimi! Nilimuuliza kifo kipi ni kigumu kuliko vyote kuigiza. Akafurahi, akainuka kwenye kiti. Akasema sumu inaanzia vidoleni. Upanga unataka uso wa mtu aliyekumbuka kuwa amesahau kitu nyumbani. Kifo cha mapenzi ni kirefu, hadi watazamaji waanze kukohoa. Kisha akashuka uani akanionyesha ule wa upanga. Akashika kifua. Akakumbuka kitu. Akaenda chini kama nguo inayodondoka kwenye kamba.

Nilipiga makofi. Sikuona kwamba Mama Pili anapita barabarani na kikapu cha muhogo.

Kikapu kilianguka, kilio kikaanza. Bwana Linfodi hakusikia kitu, akifa huwa anakufa kabisa. Mimi nilitaka kusema hajafa. Mdomo ulifunguka. Sauti haikutoka. Wanawake wakaja na mikeka. Wanaume wakaja na kuni. Mzee Shomari muuza kamba akaja na jembe. Mama Pili alikuwa amejitupa mchangani, "Jirani yangu weee!", ndipo marehemu akakaa kitako, akajipangusa mchanga, akasema, "Salumu! Chai."

Walikimbia. Mama Pili aliacha kiatu kimoja.

Waliporudi walirudi na hasira. Mzee Shomari akasema, "Bwana, kufa si mchezo." Bibi akasema, "Mtu kaliliwa naye yu hai! Uchuro gani huu mnatuletea?" Wakabeba kuni zao, kila mtu mzigo wake. Na mikeka.

Jioni nilimkuta Bwana barazani. Nilidhani ana huzuni. Alikuwa anamwambia baba, taratibu:

"Walikuja, Salumu."

"Walikuja, Bwana."

"Na kuni?"

"Na kuni, Bwana."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitegemea.

Ijumaa, 17 Julai

Kisarawe yote inacheka. Watoto wanakuja kuanguka mbele ya uzio wake. "Bwana, nimekufa! Chai!" Yeye anawapa alama kumi juu ya kumi, na anawaambia wafumbe macho mwisho, si mwanzo.

Mama Pili hacheki. Nimempelekea kiatu chake, nikamwamkia. Ameitika, kisha akasema, "Mwambie huyo Mzungu wenu, machozi yangu si maji ya kisima. Safari ijayo simlilii hata akioza."

Sikumwambia.

Jumanne, 21 Julai

Bwana ana homa. Baba anasema ni baridi ya mwezi huu tu.

Naogopa. Ameliliwa akiwa hai. Hilo ni moja. La pili nalijua mimi na mbuzi wa jirani. Nimeapa sitarudia. Nimepita mikoroshoni nimeziba mdomo kwa kanga.

Jumamosi, 25 Julai

Daktari amekuja. Mapafu. Amezungumza na baba nje, hakukaa muda mrefu. Baba hajarudi nyumbani tangu juzi, analala jikoni kwa Bwana. Bibi ametuma uji wa mtama kwa Bwana, akasema nisiseme ni yeye.

Jumatatu, 27 Julai

Bwana aliniita nimsomee gazeti. Nilipomaliza akasema, "Sikudhani, sogea. Nimekusikia."

Nikasogea.

"Kwenye mikorosho. Mtu akipungukiwa macho, masikio hayana pa kwenda, yanatembea."

Nilitamani nipasuke nitoke duniani. Nilianza kulia, nikaomba radhi. Nikamwambia ni mimi niliyemchuria, ndiyo maana anaumwa. Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka baba akaja mbio na mwiko mkononi. Akamwambia baba aende zake, haya ni mambo ya wasanii.

Kisha akasema, "Kikohozi ni kizuri. Pua umezidisha. Na unakimbilia jina. Mimi kabla ya kusema Salumu huwa nangoja kidogo. Kwa nini nangoja?"

Akajijibu mwenyewe:

"Nangoja kwa sababu najua atakuja. Mtu asiye na uhakika ndiye anayeharakisha."

Tukajaribu. Yeye amelala, mimi nimekaa kwenye mkeka. Mara ya nne akasema, "Sasa ni mimi." Nilisikia joto mpaka masikioni. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia neno kama hilo.

Halafu akaniomba. Hakuamuru, aliomba. "Nikifa, nifanyie kama yule kijana wa Vihingo. Usiigize kufa kwangu, hiyo nimeifanya mwenyewe ya kutosha. Wafanyie ile ya chai."

Nikamwambia mimi si mjukuu wake. Nikamwambia siwezi mbele za watu, sauti yangu haipo. Akasema, "Ipo. Unaifuga kama kuku wa mgeni."

Nimeahidi. Sijui kwa nini nimeahidi. Namkumbuka Mama Pili. Nani atakuja kumzika mtu aliyekwisha kuwadanganya watu? Nitamwigia nani, viti?

Ijumaa, 31 Julai

Amefariki asubuhi hii, baba akimpa maji. Hakushika kifua. Hakukumbuka kitu. Alipumua, basi. Baba anasema angekuwa anaigiza angefanya vizuri zaidi.

Andika, Sikudhani. Andika yote.

Baba alinituma sokoni nikawaambie watu. "Mimi siwezi kumwacha peke yake," alisema. Alikuwa anamchana nywele.

Niliwakuta wengi. Nikaenda kwa Mama Pili, nikasema, "Bwana Linfodi amefariki."

"Nani? Sema usikike, mtoto wewe."

Nikarudia. Mwenye nazi akanisikia, akaangua kicheko. "Kafa tena! Safari hii kwa upanga au kwa sumu?" Mwingine akasema, "Mpelekeeni chai afufuke." Soko zima likacheka. Mama Pili akanigeuzia mgongo, akaendelea kupanga muhogo. Mzee Shomari alinihurumia. "Binti Salumu, rudi nyumbani. Mwambie bwana wenu, watu wazima hawachezewi mara mbili."

Nikasema, "Wallahi amekufa." Haikusikika. Niliona jinsi itakavyokuwa. Baba peke yake, na jeneza, na Wazungu wawili watatu wanatazama saa. Hakuna mkeka. Hakuna kuni. Na yeye aliyefurahi vile kwamba walikuja.

Basi nikasimama katikati, pale wanapofunga punda. Nikakohoa. Nikapapasa mifuko, mfuko wa kushoto, wa kulia, kisha kichwani. Watu wakaanza kugeuka. Nikainua kidevu nikatazama juu ya vichwa vyao, kama anavyotazama. Nikangoja. Nilingoja kwa sababu najua watakuja.

"Salumu!"

Sauti ilikwenda mpaka kwenye duka la Mhindi.

"Chai hii imechemshwa, au imetishiwa moto tu?"

Kijana mmoja akacheka, akaacha katikati. Mwenye nazi alishusha nazi. Mama Pili aligeuka, mkono mdomoni. Ananijua tangu sijaota meno. Anajua siwezi hata kuomba chumvi dirishani. Mtoto kama mimi hawezi kusimama sokoni amwige mtu aliye hai.

Akasema taratibu, "Kafa. Kafa kweli. Binti wa Salumu hawezi kumchuria mtu."

Mzee Shomari akavua kofia. "Inna lillahi."

Mama Pili akafungua kanga ya begani, akajifunga kiunoni, akauacha muhogo wake ulivyo. Akaanza kulia akitembea. Aliyesema hamlilii hata akioza ndiye aliyefika wa kwanza.

Jumamosi, 1 Agosti

Amezikwa kwenye makaburi ya misheni. Padri alisoma. Wazungu walikuwa wanne, wanaume wenye suti na mama mmoja. Watu wetu walijaa mpaka njiani. Mikeka ilipungua. Kuni zimezidi, bado ziko uani, na ule mzigo wa Mzee Shomari ndio mkubwa.

Kabla ya kumtoa nyumbani, Bibi mwenyewe alinivika lile pama. Nilimkumbusha kuwa mimi si mjukuu wake. Akasema, "Alikutoa tongotongo, alikufundisha kusema, na umemsumbua. Mjukuu anafanya nini zaidi ya hapo?"

Nikasimama mlangoni na fimbo yake. Nikamwambia kila mbebaji amekaa vibaya jukwaani. Nikampa Mzee Shomari alama tatu juu ya kumi kwa kulia. Mama Pili alicheka mpaka akashikwa mabega, nikamwuliza kiatu chake kingine kiko wapi, akanitupia. Nikasema Bwana hatoki bila chai. Bibi akaleta kikombe, akasema, "Imechemka, mume wangu, twende." Watu wakaangua kicheko. Nikanywa. Nikapisha.

Yule mama wa Kizungu alinikazia macho, uso umemwiva. Padri akamnong'oneza kitu. Akatoa leso. Sijui kama alikuwa anacheka au analia. Kwetu si lazima kuchagua.

Sikuigiza kufa kwake. Alisema nisifanye.

Baba hakucheka. Baba hakuwapo mlangoni. Nilipoita "Salumu!" nilimwona anatoka kwa mlango wa nyuma, anakwenda jikoni, anafunga.

Kwa hiyo sijui kama nimefanya vizuri.

Jumapili, 2 Agosti

Baba hajaniambia neno. Nimemwamkia, ameitikia marahaba, basi. Watu wananiita mtani barabarani. Mwenye nazi amenipa nazi bure. Zote hizo ningezirudisha, baba anitazame tu.

Jumanne, 11 Agosti

Tumemaliza kusafisha nyumba. Mwenye nyumba atakuja kesho kuchukua funguo. Mashati nimeyapiga pasi yote, sijui kwa nini. Moja lina kola iliyoungua.

Baba alikuwa jikoni anafunga vyombo kwenye boksi. Akawasha moto kwa kuni za msiba. Akabandika birika. Akatoa kikombe kimoja, kile cha Bwana, akakiweka mezani. Alinipa mgongo.

Akasema, "Siku."

"Abee, baba."

"Ile sauti. Mara moja tu."

Nilisimama mlangoni. Sikuvaa pama. Sikukohoa. Nilingoja, kama nilivyofundishwa.

"Salumu. Chai hii imechemshwa, au imetishiwa moto tu?"

Mabega yake yalishuka. Akashika birika kwa kitambaa, akamimina, hakumwaga hata tone.

"Imechemka, Bwana," akasema.

Kisha tukakaa kwenye kizingiti, tukakinywa pamoja, kikombe kimoja, kwa zamu. Nje mbuzi wa jirani alikuwa anakula majani ya mikorosho.

Na wewe daftari, yangu ya mikoroshoni ukitaka yaseme, hayadhuru sasa. Lakini hili la leo ni la baba. Usimwambie mtu.